Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai: tunamkumbuka nani hasa?

Mtunza Kumbukumbu (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam kwenu.

Kila inapokaribia tarehe 25 Julai, husambaa mitandaoni kadi za salamu zenye picha za bendera, vifaru na gwaride, na chini yake watu hutakiana heri ya Siku ya Mashujaa. Simlaumu anayezituma, kwa maana nia yake ni njema, lakini naona ipo haja ya kulisema jambo hili bila kuzunguka: siku hii ni matanga ya taifa zima, na hakuna aendaye matangani akawatakia wafiwa sikukuu njema.

Siku za kushangilia tunazo. Tarehe 9 Desemba tunaadhimisha uhuru wa Tanganyika, tarehe 12 Januari Mapinduzi ya Zanzibar, na tarehe 26 Aprili Muungano. Jeshi lenyewe lina siku yake, tarehe 1 Septemba, kwa sababu JWTZ liliundwa siku hiyo mwaka 1964, na hapo ndipo mahali pa kuwapongeza askari walio hai na kujivunia nidhamu yao. Tarehe 25 Julai imewekwa kwa ajili ya wale ambao hawawezi tena kupongezwa. Tukizichanganya siku hizi, wanaopoteza ni wafu, kwa kuwa walio hai wanazo siku nyingine na wana midomo ya kujisemea.

Anayetaka kuijua maana ya siku hii asianzie kwenye hotuba. Aanzie kwenye kile kinachofanyika siku hiyo katika mnara wa mashujaa. Rais huweka mkuki na ngao. Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi huweka sime. Kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua, Meya huweka upinde na mishale, na mwakilishi wa askari wastaafu huweka shoka. Kisha viongozi wa dini huwaombea dua na sala waliotangulia. Ukiitazama orodha hiyo kwa makini, hutaona bunduki ndani yake, ingawa wengi wa wanaokumbukwa walikuwa askari wa bunduki. Silaha zilizochaguliwa ni za asili. Mikuki ya namna hiyo ndiyo waliyokwenda nayo Wahehe kuwakabili Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, na ndiyo waliyoishika wapiganaji wengi wa Maji Maji kuanzia mwaka 1905. Kwa hiyo tendo lile moja linawaweka pamoja wafu wa vizazi ambavyo havikupata kuonana.

Tena silaha zile huwekwa chini, haiinuliwi hata moja. Amiri Jeshi Mkuu, mtu pekee mwenye mamlaka ya kuwapeleka wananchi vitani, anainama mbele ya waliopelekwa wasirudi. Kwa maoni yangu, maana yote ya siku hii imo katika kuinama kule, na yote yanayofuata ni maelezo tu.

Ninaomba tujadili kwa utulivu: tunamkumbuka nani hasa siku hiyo, na kumkumbuka ni kufanya nini?

Mwanafunzi Daima

Mkuu, asante kwa uzi huu. Mimi nilizaliwa baada ya Vita vya Kagera, na shuleni tulizikariri tarehe zake kwa ajili ya mtihani, tukaishia hapo. Nina swali. Ikiwa siku hii ni nzito kiasi unachosema, kwa nini haimo katika siku za mapumziko? Sikukuu nyingine za kitaifa ofisi hufungwa, lakini tarehe 25 Julai watu huenda kazini kama kawaida, na asiyepita karibu na viwanja vya maadhimisho au asiyewasha redio anaweza kuimaliza siku nzima bila kujua kwamba kuna watu wamekumbukwa.

Mtunza Kumbukumbu (mwanzisha uzi)

Ndugu yangu, swali lako ni la haki, lakini mimi ningependa ibaki ilivyo. Siku ya mapumziko hujazwa na mambo ya mapumziko, na baada ya miaka michache hubaki jina lake tu kwenye kalenda. Ningefurahi zaidi kuona saa fulani ya siku hiyo kazi zikisimama kwa dakika moja, darasani, sokoni, bandarini na barabarani, kisha watu wakaendelea na shughuli zao. Wale waliokufa walikatishwa katikati ya kazi zao. Si vibaya na sisi tukikatishwa kidogo katikati ya za kwetu.

Hatari ninayoiona mimi haiko kwenye kalenda. Iko kwenye tabia yetu ya kuifanya siku hii jukwaa la mambo mengine. Mwaka 2016 maadhimisho yalifanyika Dodoma, na Rais Magufuli akasisitiza siku hiyo azma ya Serikali kuhamia huko. Ulikuwa uamuzi mkubwa wa kitaifa na ulikuwa na mahali pake. Hata hivyo, mwulize leo mtu yeyote anakumbuka nini kuhusu tarehe 25 Julai ya mwaka ule, atakutajia kuhama kwa makao makuu. Wafu hawatajwi.

Mzaliwa wa Kagera

Wakuu, niruhusuni nichangie kama mtu wa mkoa ambao vita hivyo vilipiganwa mlangoni pake.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin, Rais wa Uganda wakati ule, yaliingia na kulikalia eneo letu lote lililo kaskazini ya Mto Kagera, kisha Amin akatangaza kwamba mto huo ndio mpaka mpya. Daraja la Kyaka lilivunjwa. Watu walikimbia na walichoweza kubeba kichwani, na waliobaki wengi hawakukutwa hai. Mwalimu Nyerere alizungumza na taifa tarehe 2 Novemba, akasema sababu ya kumpiga Amin tunayo, uwezo tunao na nia tunayo, na maneno hayo kila Mtanzania anayajua. Linalosahaulika ni kwamba jeshi letu lilikuwa dogo, na lilikuzwa kwa miezi michache kwa kuwaita Polisi, Magereza, vijana wa JKT na makumi ya maelfu ya mgambo kutoka vijijini. Kwa hiyo tunapotaja mashujaa wa Kagera, tusimfikirie askari wa kazi peke yake. Wengi walikuwa wakulima waliotoka shambani jembe likiwa bado na udongo.

Mmoja wao alikuwa mjomba wangu. Aliondoka na wenzake wa kijiji, akavuka Mutukula, na barua yake ya mwisho ilitoka upande wa Masaka. Baada ya Kampala kutekwa mwezi Aprili 1979 wenzake walianza kurudi, yeye hakurudi. Familia iliambiwa kwamba gari walilopanda lilipinduka usiku. Marehemu bibi yangu aliishi na jambo moja lililomwumiza kuliko kifo chenyewe: baadhi ya majirani walisema mwanawe hakufa vitani, alikufa kwa ajali, kana kwamba kifo cha namna hiyo ni cha daraja la chini.

Ndiyo maana ninataka tuzitazame takwimu. Hesabu inayonukuliwa mara nyingi kwa upande wa Tanzania ni askari 373 waliopoteza maisha, na kati yao waliouawa katika mapigano yenyewe ni 96. Waliosalia, ambao ni 277, walikufa kwa ajali, maradhi na mengine yanayoandamana na vita. Maana yake ni kwamba tukiamua kumwita shujaa yule tu aliyepigwa risasi na adui, tunawaondoa watatu katika kila wanne. Mjomba wangu asingekuwa ndani ya lile gari, usiku ule, katika nchi ya watu, kama asingekuwa ameitwa na nchi yake. Wito ndio uliomfanya kuwa shujaa. Ajali iliamua tu siku ya kufa kwake.

Yapo makaburi ya mashujaa pale Kaboya, wilayani Muleba, na ninamshauri kila anayefika mkoani kwetu apite hapo. Atembee kati ya safu zile taratibu, asome jina moja baada ya jingine. Atagundua kwamba majina yale ni ya kutoka kila pembe ya nchi, na kwamba wengi wao walizikwa mbali sana na kwao. Nyumba nyingi zilizofiwa hazijawahi kupata nauli ya kwenda kuyaona makaburi hayo.

Mwalimu wa Historia

Ndugu Mzaliwa wa Kagera, pole kwa mjomba wako, na mchango wako umenigusa kwa sababu jambo ulilolieleza ni la zamani kuliko Kagera. Ninaomba nilirudishe nyuma hadi vita vya 1914 hadi 1918.

Kila anayeishi Dar es Salaam amepita katika mzunguko wa barabara wenye sanamu ya askari aliyeelekeza singe yake upande wa bandari. Wajerumani walikuwa wameweka hapo sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann, na Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa. Sanamu ya askari ilizinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yamo katika Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, na maneno yake yaliandikwa na Rudyard Kipling, mwandishi Mwingereza. Humo wanatajwa askari wenyeji waliopigana, kisha wapagazi ambao walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na mwisho msomaji anaahidiwa kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake.

Hiyo ndiyo ahadi iliyovunjwa. Vita vya Afrika Mashariki vilipiganwa mahali pasipo na barabara wala reli za kutosha, na ndorobo waliua farasi na ng'ombe, hivyo kila risasi na kila gunia la unga lilisafiri kichwani mwa mtu. Wapagazi walichukuliwa kwa mamia ya maelfu, wengi kwa kulazimishwa, na makumi ya maelfu kati yao walikufa kwa kuhara, malaria, nimonia na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba kumbukumbu ya jeshi lile la wapagazi hadi leo, lakini wapagazi wenyewe hawana makaburi yenye majina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo ndiyo yenye jukumu la kuwakumbuka waliokufa katika majeshi ya Uingereza, ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Askari Mwingereza aliyekufa hapa kwetu alipata kaburi lake na jiwe lake. Mpagazi aliyembebea mzigo alipata kutajwa kwa jumla katika sentensi moja ya shaba.

Tena vita hivyo havikuisha kwetu tarehe 11 Novemba kama ulimwengu unavyoadhimisha. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku kwetu, alisalimisha silaha rasmi tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia. Kwa majuma mawili baada ya amani ya Ulaya, wapagazi wetu walikuwa bado hawajatuliwa mizigo.

Kwa hiyo, mwanzisha uzi, jibu langu kwa swali lako ni kwamba maana ya siku hii iko katika jina la mtu. Mnara bila jina humtukuza aliyeujenga, na aliyekufa anabaki pale alipokuwa.

Asiye na Upande

Salaam. Nimesoma michango yote na ninaheshimu machungu yaliyomo, lakini nina wasiwasi ambao nitausema kwa adabu.

Tukisisitiza sana ushujaa wa kufa, tutawafundisha watoto kwamba kufa kwa silaha ndiyo huduma ya juu kabisa ambayo mtu anaweza kuitoa kwa nchi. Mkunga aliyezalisha kijiji kizima kwa miaka thelathini hana mnara. Vilevile, wapagazi aliowataja Mwalimu walikufa kwa ajili ya Mfalme wa nchi ya mbali, kwa kulazimishwa. Je, huyo ni shujaa wa Tanzania, au ni mtu aliyedhulumiwa? Na wale raia wapatao 1,500 wa Kagera ambao husemwa kwamba waliuawa wakati wa uvamizi, wanaume, wanawake na watoto, wamo katika siku hii au wako nje? Nao hawakuwa na bunduki.

Jambo la mwisho ni gumu zaidi. Upande wa pili walikufa vijana wa Uganda, na wengi wao hawakumchagua Amin. Mama zao walilia kama mama zetu.

Mwalimu wa Historia

Swali lako kuhusu wapagazi linastahili jibu la moja kwa moja. Ndiyo, walidhulumiwa, na hilo halipunguzi wajibu wa kuwakumbuka. Linauongeza, kwa kuwa aliyejitolea alau alijua anachokifia. Hata hivyo ninakubaliana nawe kwamba haifai kumvika mtu ushujaa wa vita ambavyo hakuvitaka, kisha tukajiona tumemlipa. Tuseme kweli juu yake: jina lake, kijiji alichochukuliwa, mzigo aliobebeshwa na mahali alipoanguka. Kuhusu raia wa Kagera, sioni sababu hata moja ya kuwaacha nje.

Askari Mstaafu

Wanajukwaa, mimi ni mstaafu na nitasema machache, kwa sababu mengine si ya kuandikwa hapa.

Ndugu Asiye na Upande, hakuna mtu anayechukia vita kama aliyewahi kumfunika mwenzake kwa shuka. Hofu yako ni ya kweli, ila sisi tuliovaa sare hatuhitaji siku ya kusifiwa kifo. Tunahitaji siku ambayo wenzetu wanatajwa na watu ambao hawakuwafahamu, maana sisi tunawataja kila siku. Kuhusu vijana wa Uganda, nitakuambia tu kwamba askari aliyepigana kwa haki hamdharau maiti wa upande wa pili.

Ninachotaka kuongeza ni kwamba wengi humu mnazungumza kana kwamba mashujaa ni watu wa zamani. Pale Naliendele, Mtwara, wamelala askari wetu waliofia Msumbiji, kwa ajili ya uhuru wa jirani ambaye sisi tulikwisha kumtangulia kuupata. Tarehe 13 Julai 2013 walinda amani 7 wa Tanzania waliuawa kwa kuviziwa huko Darfur, nchini Sudan, siku kumi na mbili tu kabla ya Siku ya Mashujaa ya mwaka ule. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yetu ya Semuliki, katika Kivu Kaskazini nchini Kongo, ilishambuliwa na waasi wa ADF kwa saa nyingi, na vijana wetu 14 walirudi Dar es Salaam katika majeneza. Lilikuwa moja ya mashambulio mabaya zaidi dhidi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa katika historia ya karibuni. Wajane wao bado ni vijana. Watoto wao wako shuleni hivi sasa, labda katika darasa moja na watoto wenu.

Kwa hiyo mnapouliza kukumbuka ni kufanya nini, mimi ninajibu kwamba ni pamoja na mambo ambayo hayana tarumbeta. Mjane asizungushwe na makaratasi. Ninamfahamu mmoja ambaye katika ofisi fulani aliulizwa, mbele ya watu, athibitishe kwamba marehemu alikuwa mumewe kweli, ilhali alikuwa ameshika cheti cha ndoa na hati ya kifo. Alirudi nyumbani bila kudai tena. Sherehe yoyote ya kitaifa isiyofika kwenye kaunta ile haijamfikia marehemu.

Mwanafunzi Daima

Mzee wangu, shikamoo, na poleni sana. Nimesoma kuhusu Semuliki kwa mara ya kwanza sasa hivi, ingawa mwaka 2017 nilikuwa mtu mzima. Hilo limenifadhaisha. Nini kifanyike na watu wa kawaida kama sisi, ambao hatuna mamlaka ya kuamuru kitu?

Mtunza Kumbukumbu (mwanzisha uzi)

Marahaba hiyo nimwachie mzee mwenyewe aipokee. Ninakujibu swali lako.

Nimeyapima yote yaliyosemwa, na nimebaki na jambo moja ambalo Mwalimu wa Historia amelitaja na Mzaliwa wa Kagera amelionyesha kwa mjomba wake. Taifa linaweza kujenga mnara, lakini jina la mtu linajulikana kijijini kwake. Zipo kata katika nchi hii zenye mtu aliyekwenda Kagera, Msumbiji, Darfur au Kongo asirudi, na nyingi zina wazee ambao bado wanakumbuka hadithi za babu zao waliochukuliwa upagazi. Wazee hao wanatutoka kila mwaka. Serikali ikiweka orodha kamili mahali ambapo kila mwananchi anaweza kuisoma, itakuwa imefanya jambo kubwa, na ninaiomba ifanye hivyo. Lakini hatuna haja ya kuisubiri.

Kila mmoja wetu aulize katika ukoo wake na mtaa wake. Aandike jina kamili la marehemu, kijiji chake, mwaka alioondoka, mahali alipofia kama panajulikana, alipozikwa, na nani anayemkumbuka. Asimbague aliyekufa kwa ajali wala kwa maradhi. Raia waliouawa nao waandikwe, pamoja na umri wao. Ikifika tarehe 25 Julai, majina hayo yasomwe kwa sauti kanisani, msikitini, shuleni au katika mkutano wa kijiji. Shule ya msingi haihitaji bajeti ili mkuu wa shule asome majina manane asubuhi mstarini.

Ndugu Asiye na Upande, nadhani hapa hofu yako inapungua nguvu. Majina yakisomwa na umri wake, moja baada ya jingine, ni vigumu mtoto kuondoka pale akitamani vita.

Asiye na Upande

Kwa sura hiyo ninaiunga mkono, kwa sharti kwamba familia iulizwe kwanza kabla jina halijasomwa hadharani. Wapo ambao bado hawajawa tayari, na kimya chao nacho kina haki.

Mzaliwa wa Kagera

Sharti hilo ni sahihi. Kwa upande wetu nimekwisha kuzungumza na mama yangu, ambaye ndiye dada pekee wa marehemu aliye hai, na amekubali. Ameomba liandikwe jina alilopewa na baba yao pamoja na lile la ubatizo, kwa sababu karatasi za jeshi zilikuwa na la ubatizo tu na kijijini hakuna aliyemwita kwa jina hilo. Walioko wilaya za Missenyi, Muleba na Bukoba wanaotaka tukusanye kwa pamoja waandike hapa chini kata zao, ili tusirudie kazi moja mara mbili.

Askari Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Niandikieni mimi kwa waliokufa Darfur na Kongo ambao familia zao ninazifahamu. Nitakwenda kuwauliza wenyewe.